Maswali ya Wasomaji: Joto, Asidi na Kazi ya Vimeng'enya

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba chakula tunachokula hakisagwi kwa meno peke yake, bali huvunjwavunjwa na vimeng'enya, yaani protini ambazo mwili na mimea huziunda ili kuharakisha kazi za kikemia. Barua zilizofuata zimetoka pande nyingi za Uganda, na ijapokuwa waandishi wake hawajuani, karibu wote wanauliza jambo lile lile: kwa nini kimeng'enya hufanya kazi vizuri katika joto fulani au uchachu fulani, kisha kikaacha kabisa hali hiyo inapobadilika. Nimeanza na barua ya mwanafunzi kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa majibu mengine, na nimekaa zaidi kwenye barua ya muhogo kwa sababu hapo kutojua kunaweza kugharimu maisha.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Mbale. Katika maabara tulichanganya mate na maji ya wanga ndani ya neli kadhaa, kisha tukapima kwa iodini, inayoonyesha kama wanga bado upo. Neli iliyokaa katika maji ya vuguvugu ilimaliza wanga upesi. Iliyokaa kwenye barafu haikufanya kitu, lakini tulipoitoa na kuipasha kidogo ikaanza kazi. Ile ambayo mate yake yalichemshwa haikufanya kitu hata ilipopoa, na kikundi kilichotia siki nacho hakikupata kitu. Mwalimu wetu alisema joto huharakisha vimeng'enya, kisha akasema joto huviharibu. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yote mawili ni kweli, na majaribio yenu yameyaonyesha vizuri kuliko vitabu vingi.

Kimeng'enya ni mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani vijenzi vya protini, uliokunjwa na kujiviringisha mpaka ukapata umbo moja maalumu, na katika umbo hilo mna kijishimo ambamo kitu kinachotakiwa kuvunjwa huingia na kukaa sawasawa. Mwaka 1894 mwanakemia Mjerumani Emil Fischer alilifananisha jambo hili na kufuli na ufunguo wake. Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland akaongeza kwamba kijishimo hicho si kigumu, bali hujirekebisha na kukibana kile kinachoingia. Amilesi, kimeng'enya kilichomo katika mate yako, huupokea mnyororo wa wanga, huukata, huviachia vipande vya sukari, kisha hupokea mnyororo mwingine, na yenyewe haipungui kwa kufanya kazi hiyo.

Sasa tulitazame joto. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo chembe zilizomo zinavyokwenda kasi na kugongana mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi, na kwa hiyo amilesi na wanga hukutana mara nyingi. Kwa vimeng'enya vingi, kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kazi huongezeka takriban mara mbili. Kwenye barafu umbo la amilesi lilikuwa zima kabisa, ila mwendo wa chembe ulikuwa hafifu mno. Ndiyo maana mlipoipasha neli ile, kazi ilianza bila kuongezewa mate mapya. Lakini umbo lenyewe limeshikiliwa na viungo vingi dhaifu kati ya sehemu moja ya mnyororo na nyingine, na mtikisiko wa joto ukipita kiasi viungo hivyo hukatika kimoja baada ya kingine, mnyororo ukafumuka, na kijishimo kikapotea. Mnyororo wenyewe haukukatika, asidi amino zote zimo, lakini zimejisokota ovyo na kushikamana na jirani zake, na kwa kawaida hazirudi katika mkunjo wa awali hata maji yakipoa. Hayo ndiyo yaliyoyapata mate mliyoyachemsha.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nami naona linastahili kusemwa. Mchoro unaoonyesha kimeng'enya kikifikia kilele chake kwenye joto fulani, tuseme nyuzi 37 au 40, hutufanya tudhani kwamba nambari hiyo imechongwa katika kimeng'enya chenyewe. Ukweli ni kwamba kilele hutegemea pia muda uliosubiri kabla ya kupima. Kwenye nyuzi 50 kimeng'enya kinaweza kufanya kazi kwa kasi kubwa sana dakika ya kwanza, kikadhoofika dakika ya tano, na dakika ya thelathini kikawa kimekwisha, ilhali mwenzake aliye kwenye nyuzi 37 anaendelea taratibu mpaka mwisho. Mkirudia jaribio lenu, pimeni kila baada ya dakika moja na mtaliona jambo hilo kwa macho yenu.

Ama siki, hiyo ilipita njia nyingine kabisa. Baadhi ya asidi amino zina chaji hasi na baadhi zina chaji chanya, na mvutano wa chaji hizo ni sehemu ya kinachoshikilia umbo na kinachokamata wanga ndani ya kijishimo. Asidi huleta ioni nyingi za haidrojeni, nazo hujibandika kwenye sehemu zenye chaji hasi na kuzifuta. Alikali nayo huzinyang'anya ioni hizo sehemu zenye chaji chanya. Kipimo cha uchachu tunachotumia, pH, kilianzishwa mwaka 1909 na Mdenmarki Søren Sørensen, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, na aliyekihitaji hasa kwa ajili ya utafiti wa vimeng'enya. Kumbuka kwamba kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi: siki yenye pH 3 ina ioni za haidrojeni mara 10,000 kuliko maji yenye pH 7. Amilesi ya mate hupenda pH iliyo karibu na 7, kwa hiyo siki yenu iliinyima nafasi yoyote ya kufanya kazi.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Soroti. Muuguzi wa zahanati alinishauri nimpikie mtoto uji mzito wa ulezi, kisha nitie kijiko cha unga wa kimea ili uji ulainike bila kuongeza maji. Nilipotia kimea uji ukiwa unatokota, haukubadilika. Jirani yangu anasema kimea changu kibovu, ingawa ni kile kile anachotumia yeye. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, kimea chako ni kizima. Kimekutana tu na joto ambalo hakiwezi kulistahimili.

Punje ya ulezi inapoloweshwa na kuachwa ichipue, huanza kujitengenezea amilesi nyingi ili kugeuza wanga wake kuwa sukari ya kulishia mche mchanga. Ukiikausha juani punje hiyo na kuisaga, amilesi inabaki humo ikiwa nzima, ikisubiri maji na joto. Hii si elimu ya jana: mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitoa kutoka katika kimea cha shayiri kitu chenye uwezo wa kuyeyusha wanga, na hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Wapishi wa ajono, pombe ya kienyeji, huko kwenu Teso wanaijua kanuni yake kwa mikono: unga uliochacha hukaangwa kwanza juu ya moto, na kimea hutiwa baadaye, ukiwa umeshapoa na kuchanganywa na maji. Wangeukaanga pamoja na kimea, wangeiharibu amilesi yote na wanga ungebaki vile vile.

Kwa uji wa mtoto, pika uji wako mzito uive kabisa, kwa sababu wanga mbichi umefungamana ndani ya chembe ngumu na amilesi hupata taabu kuufikia. Kuiva ndiko kunakoufungua. Kisha uepue, ukoroge, uache upoe mpaka uweze kuonja tone moja bila kuungua ulimi, yaani karibu nyuzi 60 au chini yake kidogo. Hapo tia kijiko cha kimea na ukoroge tena. Utaona mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi, uji uliokuwa ukining'inia kama ugali unaanza kumiminika, na baada ya dakika chache utakuwa mwororo na mtamu zaidi, kwa kuwa sehemu ya wanga imekuwa sukari. Hapo ndipo faida yake ilipo: mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito wa kutosha, na uji uliolainishwa kwa maji hujaza tumbo lake bila kumpa nguvu.

Nina mawili ya kuongeza, na nakuomba uyashike yote. La kwanza, unga wa kimea umeloweshwa na kukaa siku kadhaa, kwa hiyo una vijidudu. Uji ukishalainika urudishe motoni utokote tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Kazi ya amilesi imeshamalizika, moto hauwezi tena kuurudisha uji katika uzito wake. La pili, ukitumia mtama badala ya ulezi, ondoa kabisa machipukizi na mizizi yake kabla ya kusaga, kwa sababu machipukizi ya mtama hubeba kitu kinachotoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Ulezi ni salama zaidi kwa kazi hii.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Niko Busia. Shemeji yangu amepanda muhogo mchungu kwa sababu hauliwi na nguruwe pori na unazaa sana. Anasema sumu yake ni kitu cha moto tu, kwamba ukiuchemsha kwa nguvu muda mrefu inakwisha. Mke wangu anaogopa. Nani ana haki?

JIBU: Mke wako ana haki, na namwomba shemeji asome jibu hili mpaka mwisho.

Muhogo hauna sianidi iliyo huru ndani yake. Una linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamanishwa na sianidi, na imehifadhiwa katika vifuko vya ndani ya seli. Na una kimeng'enya kiitwacho linamaresi, ambacho hukaa kando, kwenye kuta za seli. Maadamu muhogo ni mzima, viwili hivi havikutani. Mnyama akiutafuna au wewe ukiukwangua, seli hupasuka, linamaresi huikata linamarini, na baada ya hatua mbili gesi ya sianidi hutoka. Mmea umejiwekea silaha hii dhidi ya walaji, na ndiyo maana nguruwe wa porini wanauacha.

Kuuondolea muhogo sumu maana yake ni kuiacha silaha hiyo ilipuke yote kabla ya chakula kufika mdomoni, na gesi iende zake hewani. Gesi ya sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo ikishaachiliwa, jua la Busia peke yake latosha kuifukuza. Ugumu uko katika kuifikisha hapo. Linamaresi hufanya kazi vizuri katika joto la kawaida hadi lile la maji ya moto yasiyounguza, lakini maji yanayotokota huiharibu kwa muda mfupi. Sasa fikiri anachofanya shemeji: anachukua vipande vikubwa ambavyo seli zake ni nzima, anavitumbukiza katika maji yanayotokota, linamaresi inaharibika kabla haijakutana na linamarini, na linamarini yenyewe, ambayo haisumbuliwi na mchemko, inabaki ndani ya kipande. Sehemu fulani huyeyuka katika maji na kumwagwa nayo, nyingine huliwa. Ikifika matumboni, bakteria wa utumbo wana vimeng'enya vyao vya kuivunja, na sianidi huachiliwa huko ndani. Moto mkali aliouamini ndio uliomwondolea msaidizi wake. Muhogo mtamu huchemshwa na kuliwa bila madhara kwa sababu tu linamarini yake ni kidogo tangu mwanzo.

Njia za wazee wetu zilianza kwa kuvunja seli na kusubiri. Katika Teso na Lango muhogo hukatwa, hurundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa mpaka ukungu uote na nyama yake ilegee. Ukungu hubomoa kuta za seli, linamaresi ikaifikia linamarini. Kisha ukungu hukwanguliwa, vipande hupondwapondwa na kuanikwa. Kwingine muhogo huloweshwa majini siku tatu au zaidi mpaka uwe laini wa kubonyea kwa kidole. Hapo ndipo uchachu unapoingia, na watu wengi hawaujui upande huu. Bakteria wa kuchachusha hushusha pH ya maji mpaka karibu na 4, ambapo linamaresi hupunguza kazi sana. Isitoshe, ile hatua ya kati, kitu kiitwacho asetoni sianohidrini, hutulia katika uchachu bila kuachia sianidi. Huvunjika chenyewe upesi pale tu pH inapopita 5 au joto linapopanda. Kwa maneno mengine, muhogo uliotoka majini ukiwa umechacha umeshavunjwa linamarini yake nyingi, lakini bado umeshikilia sehemu ya sumu katika sura nyingine. Kuuponda, kuuanika juani ukauke kabisa, kisha kuupika, ndiko kunakoimaliza. Mwenye haraka anayeloweka siku moja, au anayesaga vipande vikiwa bado na unyevu ndani, anakatiza kazi katikati.

Tulishapata msiba wa jambo hili nchini mwetu. Mwezi wa Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki kwa sianidi iliyokuwa katika unga wa muhogo, na kisa kilianza na chakula cha mazishini. Kiwango cha kimataifa cha unga wa muhogo ni miligramu 10 tu za sianidi kwa kilo moja ya unga. Na hata sumu isipoua kwa siku moja, kula kidogo kidogo kwa wiki nyingi wakati wa ukame, pasipo maharage wala samaki, kumewalemaza miguu watoto na akina mama katika nchi kadhaa za Afrika kwa ugonjwa uitwao konzo. Mwili una kimeng'enya chake cha kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho hatari, lakini kinahitaji salfa inayotokana na protini tunazokula, na mtu aliyekosa protini hukosa pia kinga hiyo.

Ikiwa unga umeshanunuliwa na hujui ulivyotayarishwa, iko njia rahisi iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze tabaka jembamba juu ya sinia au turubai safi, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha uupike ugali siku hiyo hiyo. Linamaresi iliyosalia katika unga huamka ikipata maji, humalizia linamarini iliyobaki, na gesi hupotea. Njia hii haitumii kuni wala dawa. Lakini kwa muhogo mchungu kabisa wa shemeji, isiwe badala ya kuloweka na kuanika, iwe nyongeza.

SWALI: Mhariri, natumia dawa za kupunguza asidi kwa sababu ya kiungulia. Rafiki yangu hapa Kampala ananiambia kwamba bila asidi chakula hakimeng'enywi, na kwamba ninywe maji ya limau ili damu yangu iwe na alikali. Ushauri wake ni sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako ameshika ncha ya jambo la kweli, lakini amelivuta mbali mno.

Tumboni mna pepsini, kimeng'enya cha kuvunja protini ambacho tofauti na vingine hupenda uchachu mkali, pH 2 hivi. Hutolewa na ukuta wa tumbo kikiwa bado kimefungwa, ili kisiile nyama ya tumbo lenyewe, na asidi ndiyo inayokifungua. Dawa inayopandisha pH ya tumbo hadi 5 au 6 hukidhoofisha pepsini sana, hilo ni kweli. Lakini pepsini huanza tu kazi. Chakula kikitoka tumboni, kongosho humwaga baikaboneti inayoifuta asidi, pamoja na tripsini na wenzake ambao hupenda pH ya karibu 8 na ambao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvunja protini. Watu waliotolewa tumbo lote kwa upasuaji huendelea kumeng'enya nyama na maharage. Endelea na dawa kama daktari alivyokuagiza, na ukiona unazihitaji mwezi baada ya mwezi, rudi ukapimwe.

Kuhusu limau, damu hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45, na mapafu na figo huilinda hapo kwa bidii kubwa, hasa kwa sababu vimeng'enya vya seli havivumilii mabadiliko. Glasi ya maji ya limau haiwezi kuisogeza, na kwa mwenye kiungulia huenda ikamzidishia maumivu.

SWALI: Nauza matoke yaliyomenywa Masaka. Yakikaa huwa meusi na wateja wanayakataa. Wengine hutia limau. Inasaidia kweli?

JIBU: Inasaidia. Kisu kinapopasua seli, kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi hukutana na hewa na kuzigeuza tanini za ndizi kuwa rangi ya kahawia. Maji ya limau, yenye pH iliyo kati ya 2 na 3, hukizuia. Maji matupu husaidia kwa kuizuia hewa tu, kwa hiyo ndizi zizame zote. Ukizipika kwa mvuke kimeng'enya huharibika na weusi hauendelei. Wenye viwanda vya chai kule Bushenyi na Kyenjojo hukitaka kimeng'enya cha namna hiyo hiyo kifanye kazi: huyaponda majani, huyaacha yageuke rangi, kisha huyakausha kwa hewa ya moto wakati wanapoona yametosha.

SWALI: Tuna kikundi cha wafugaji karibu na Mbarara na tumenunua mtambo mdogo wa kupasha maziwa. Mkaguzi alitia dawa katika maziwa yetu, yakawa ya manjano, akasema hayajapashwa vya kutosha. Aliwezaje kulijua hilo bila kuwaona vijidudu?

JIBU: Hakutafuta vijidudu, alitafuta kimeng'enya. Maziwa ya ng'ombe huwa na fosfatesi ya alikali, na kwa bahati njema joto linaloiharibu linazidi kidogo tu lile linaloua bakteria wa kifua kikuu, ambao ni miongoni mwa vijidudu sugu vya maziwa. Sheria za kupasha, nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, hutosha kwa vyote viwili. Mkaguzi alitia maji yenye kitu kisicho na rangi ambacho fosfatesi hukikata na kuachia rangi ya manjano, na maji hayo yamewekwa kwenye pH ya karibu 10, kwa kuwa fosfatesi hii hufanya kazi katika alikali. Manjano maana yake kimeng'enya ni kizima, na kama hicho ni kizima, hakuna anayeweza kuapa kwamba bakteria wamekufa. Angalieni kipimajoto cha mtambo, na hakikisheni kwamba maziwa mabichi hayachuruziki kuchanganyika na yaliyopashwa, kwani hata kiasi kidogo hutosha kuleta rangi hiyo.

SWALI: Mimi ni mwongoza wageni Bundibugyo. Kule chemchemi za Sempaya wageni huchemsha mayai yakaiva, na bado kandokando ya maji kuna utando wa rangi ambao naambiwa ni viumbe hai. Kama joto hufumua protini, vinaishije?

JIBU: Kaka, swali lako lilimshughulisha pia Mmarekani Thomas Brock, aliyechunguza chemchemi za moto za Yellowstone na mwaka 1969, pamoja na Hudson Freeze, akatangaza bakteria aitwaye Thermus aquaticus, anayestawi kwenye nyuzi 70 hivi. Vimeng'enya vya viumbe kama huyo vimeundwa kwa asidi amino zile zile ishirini, lakini mikunjo yake imebanwa zaidi, na viungo vya chaji baina ya sehemu zake ni vingi na vimepangika, kwa hiyo mtikisiko wa joto hauwezi kuvifumua kwa urahisi. Hulipa gharama yake: katika joto la chumba huwa vigumu kupita kiasi na hufanya kazi polepole mno. Utando unaouona Sempaya hauoti pale mayai yanapoiva, bali pembeni ambako maji yameshapoa kiasi, na rangi mara nyingi hubadilika kadiri unavyokwenda mbali na jicho la maji, kwa kuwa kila kundi lina kiwango chake cha joto. Waonyeshe wageni mpaka huo.

Kimeng'enya kimoja cha bakteria wa Yellowstone, polimeresi inayonakili DNA, yaani kemikali ya urithi, ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR, kinachonakili DNA mara nyingi ili iweze kutambuliwa, kufanyika kwa mashine. Kipimo hicho, ambacho Kary Mullis alikibuni mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993, huhitaji kupasha sampuli hadi nyuzi 95 hivi ili kamba mbili za DNA ziachane, kuipoza, kisha kuipandisha hadi 72 ambapo polimeresi hunakili. Hapo mwanzo walitumia polimeresi ya bakteria wa kawaida, ikawa inaharibika kila mara, na fundi alilazimika kuongeza nyingine baada ya kila mzunguko. Ile ya Thermus aquaticus hutiwa mara moja tu na hustahimili mizunguko 30 au 40 mfululizo, na kwa njia hiyo maabara kama ile ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi kule Entebbe huweza kutambua virusi vya Ebola katika tone la damu kwa saa chache.